Babu mapafu 41% anakwenda sokoni kwa miguu, khalati 64% anaishia njia ya kisima. Kipimo kinapima nini?

#1 MwanaLimbani
Salaam alaykum jamvini. Nina vyeti viwili mkononi, na usiku silali kwa kuvilinganisha.

Cha kwanza ni cha babu yangu, miaka 71. Kachoma chokaa tangu ujana, tanuu la magogo ya minazi, na sigara hakuacha mpaka alipotimiza 60. Kipimo cha kupuliza kinasema FEV1 yake, yaani hewa inayotoka sekunde ya kwanza ukipuliza kwa nguvu zote, ni asilimia 41 ya inayotarajiwa kwa mwanamme wa umri na kimo chake. Daktari kaandika COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, daraja la tatu, kali. Babu huyu huyu anatoka Limbani kwa miguu mpaka soko la Wete na kurudi na samaki wake. Anakwenda polepole, anasimama chini ya mwembe mara moja, lakini anafika.

Cha pili ni cha khalati yangu, dada wa mama, 58, yuko Ole. Sigara hajapata kuishika. Kapikia kuni na makumbi tangu akiwa kigori. Yeye kapata 64. Kwenye karatasi ni mzima kuliko babu. Lakini kisima kiko hatua sitini kutoka mlangoni na hendi akarudi bila kusimama. Akikuna nazi anapumzika kabla hajamaliza kizio kimoja. Harusini haendi tena, anasema kikohozi kinamtia haya mbele za watu.

Mimi naona asilimia hii haisemi lolote juu ya maisha ya mtu. Nani ana maelezo?

#2 Mchuma_Karafuu
Waalaykum salaam. Jibu liko miguuni. Babu yako ni mtu wa kazi. Nimechuma na wazee wa umri ule Mtambwe, wanahema kama mvukuto na bado vishada haviwaponyoki. Mwili uliozoea kazi hausahau. Khalati mpe moyo, asikae ndani, atoke ajizoeze.

#3 UkhtiMicheweni
Mchuma, taratibu. Nani kakwambia khalati alikaa ndani? Mwanamke aliyepika kwa kuni, akafua, akachambua karafuu usiku mpaka vidole vikawa vyeusi, huyo hajui kazi?

Tofauti ni aina ya kazi. Babu anatembea: mikono iko chini, kifua kiko wazi. Kukuna nazi umekaa juu ya mbuzi, umeinama, tumbo limebana kifua, na mabega yote yanafanya kazi. Kuanika nguo mikono iko juu ya kichwa. Mama yangu ana pumu ya siku nyingi. Kutoka nyumbani mpaka barabarani anakwenda, lakini shuka moja hawezi kuianika bila kukaa kitako.

#4 ShumbaMjini
Mbona hakuna anayeuliza moshi? Babu tanuu kaliacha, sigara kaacha. Khalati mafiga yake bado yako ndani au nje? Kama leo alfajiri kapuliza makumbi ndani ya jiko lisilo dirisha, basi anaumizwa kila siku. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti, mengine ni nyongeza.

#5 Muuguzi_Mstaafu
Nimefanya kazi wodi za kifua miaka mingi, nipeni nafasi kidogo.

MwanaLimbani, "haisemi lolote" ni kauli kali mno. Inasema, ila haisemi yote. Madaraja ni haya: FEV1 ya 80 na kuendelea ni la kwanza, 50 mpaka 79 la pili, 30 mpaka 49 la tatu, chini ya 30 la nne. Ukichukua wagonjwa wengi kwa pamoja, wa daraja la nne wanatembea masafa mafupi kuliko wa daraja la kwanza, na maisha yao ni mazito zaidi. Ukimchukua mtu mmoja mmoja, hasa hapa katikati baina ya 35 na 65, wanachanganyika vibaya. Kwa kutembea uhusiano upo wa wastani. Kwa namna mtu anavyoyaona maisha yake, uhusiano ni dhaifu. Ndiyo maana tangu 2011 mwongozo wa dunia wa COPD hautaki daktari atazame FEV1 peke yake. Anatakiwa aulize dalili pia, na mara ngapi kwa mwaka ugonjwa umemzidi.

Na UkhtiMicheweni kasema neno la kitaalamu bila kutumia vitabu. Misuli ya shingo na mabega ndiyo inayosaidia kuvuta pumzi mapafu yakichoka. Ukiinua mikono umeinyang'anya kazi hiyo.

#6 Nahodha_Kojani
Salaam. Mimi nilimaliza dawa za kifua kikuu, miezi sita yote, sikuruka hata siku. Makohozi yakapimwa, safi. Nikaambiwa nimepona. Lakini kuvuta nyavu siwezi tena kama zamani, nikivuta pima kumi naona nyota. Nikirudi naambiwa huna TB. Najua sina! Pumzi iko wapi?

#7 Muuguzi_Mstaafu
Nahodha, pole. Kupona vijidudu ni jambo moja, kovu lililobaki kwenye pafu ni jengine. Watu wengi waliotibiwa TB wakapona wanabaki na mapafu yaliyosinyaa sehemu, au njia za hewa zilizotanuka na kushika makohozi. Wewe unastahili kipimo hichi hichi cha kupuliza na picha ya kifua. Ukienda usiseme "nahisi TB". Sema "nilitibiwa, nimepona, pumzi haikurudi".

#8 Fizio_Unguja
Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, niko mjini Unguja. Mchuma_Karafuu hakukosea kusema miguu, ila kakosea kudhani ni moyo wa kazi tu.

Mgonjwa wa mapafu akitembea mambo mawili yanamkuta. La kwanza, hewa inanasa. Mapafu yaliyoziba hayatoi hewa upesi. Ukitembea unahema haraka, muda wa kutoa pumzi unapungua, basi kabla ya zamani kutoka mpya inaingia. Ni kama gari ya Chake kwenda Wete, abiria hawajashuka na wengine wanang'ang'ania kupanda. Kifua kinajaa, huwezi kuvuta tena. Kipimo cha kupuliza unafanyiwa umekaa kwenye kiti, kunasa huko hakionyeshi. Watu wawili wenye FEV1 moja, mmoja hewa inamnasa sana, mwengine kidogo.

La pili ni misuli ya paja. Mtu akiogopa kuhema anapunguza kutembea, misuli inanywea, ikinywea inachoka kwa kazi ndogo na kudai hewa nyingi, anahema zaidi, anaogopa zaidi. Wapo wagonjwa wanaosimama kwa sababu ya miguu, si pumzi. Muulizeni khalati: anaposimama njia ya kisima, kipi kinamkataza kwanza?

#9 MwanaLimbani
Shukran nyote. Nimempigia. Kanijibu hivi: "Miguu si yangu, mwanangu, halafu ndiyo pumzi."

ShumbaMjini, jiko lake ni la makuti, liko nyuma ya nyumba, lakini msimu wa masika anahamia ndani.

Na lipo jambo sikulisema. Mumewe kafariki mwaka juzi. Kabla ya msiba alikuwa anakwenda shamba.

#10 UkhtiMicheweni
Allah amrehemu. Basi alikaa eda. Miezi minne na siku kumi. Mwanamke aliyekuwa anakwenda shamba kila siku, ghafla mlango na ua. Fizio, si huko misuli ilikonyweya?

#11 MaalimJadida
Naomba nisahihishe kabla ya mtu kusoma akafahamu vibaya. Eda ya kufiwa haimkatazi mwanamke kutembea nyumbani mwake, kufanya kazi zake, wala kutoka kwa dharura, na matibabu ni dharura. Kumlaza kitandani miezi minne ni ada za watu, sheria haikusema. Kama khalati kalala, kalazwa na huzuni.

#12 UkhtiMicheweni
Maalim, nakubali kuhusu sheria. Nazungumza yanayotendeka. Mjane akionekana uani anafagia, majirani wanasema. Sote tunajua.

#13 Fizio_Unguja
Kwa upande wangu, sababu iwe huzuni au ada, misuli haiulizi. Wiki chache za kulala zinatosha kuipunguza kwa mtu mzima, na kwa mwenye mapafu mabovu kuirudisha ni kazi. Huzuni nayo ina njia yake ya moja kwa moja: mtu mwenye huzuni na hofu anahema juu juu na haraka, na kwa mapafu yaliyoziba hilo linanasa hewa.

#14 MpembaLeicester
Salaam kutoka baridini. Nafanya kazi maabara ya vipimo vya pumzi huku Uingereza. Kabla hamjajenga ghorofa juu ya hizo namba, niulize msingi.

Asilimia 41 ya nini? Ya kiwango kinachotarajiwa. Nani kakitarajia? Mashine ina fomula ndani. Fomula za kimataifa za 2012 zilimtaka mpimaji achague kabila la mtu, na Mwafrika wa Mashariki hayumo katika makundi yake. Zikaja nyengine 2022 zisizouliza kabila. Pumzi ile ile, lita zile zile, unaweza kupata asilimia tofauti kwa kubadilisha fomula tu. MwanaLimbani, tuletee lita, si asilimia. Tuletee pia uwiano wa FEV1 na hewa yote aliyotoa, na kama walipima baada ya kupewa dawa ya kufungua njia za hewa.

#15 Mchuma_Karafuu
Tumetoka kwenye nazi tumeingia kwenye fomula. Endeleeni, nasoma. Mimi nauliza: harufu ya karafuu haifungui kifua? Bibi yetu alikuwa anajifukiza makonyo na alikuwa anapumua vizuri.

#16 Muuguzi_Mstaafu
Karafuu labda inakupa hisia ya pua kuwa wazi. Njia za hewa za ndani haizitanui. Na kujifukiza maana yake ni moshi, Mchuma. Kwa mgonjwa wa kifua moshi wa makonyo ni moshi kama mwengine.

#17 MwanaLimbani
Karatasi hizi hapa. Babu lita 1.1, uwiano 0.46. Khalati lita 1.3, uwiano 0.74. Zote zimeandikwa "baada ya dawa".

Na Fizio kanipa wazo pembeni, nje ya uzi huu, la kipimo cha kutembea dakika sita. Naweza kukifanya mwenyewe?

#18 Fizio_Unguja
Usifanye peke yako. Aliyepata maumivu ya kifua ya moyo mwezi uliopita hafanyishwi. Mwenye mapigo zaidi ya 120 akiwa amekaa, au presha ya juu iliyozidi 180, tunasubiri kwanza. Awepo mtu wa afya na kile kidude cha kidoleni cha kusoma oksijeni.

Chenyewe ni chepesi. Njia bapa, mita 30, kiti kila upande. Mtu anatembea kwenda na kurudi dakika sita, anavyoweza, ruhusa kusimama, saa haisimami. Unahesabu mita. Ukifupisha njia, kona zinakuwa nyingi na masafa yanapungua, kwa hivyo ukumbi wa mita 12 usiniletee.

#19 Nahodha_Kojani
Mita 30 ni pima kumi na sita na ushei. Kamba ninayo, ya dema, nimeshaipima. Nitampa mtu wa gari ya Wete.

#20 MpembaLeicester
Nahodha, pima yako wewe mrefu na pima ya mtu mfupi si moja. Piteni na futi ya fundi juu ya hiyo kamba.

#21 Nahodha_Kojani
Itapitiwa.

#22 ShumbaMjini
Mimi bado na moshi wangu. Khalati kahamisha jiko?

#23 MwanaLimbani (wiki moja baadae)
Tumefanya. Baraza ya skuli, Jumamosi asubuhi, mtaalamu wa mazoezi wa hapa Pemba kasimamia. Kamba ya Nahodha ilizidi mita moja kwa futi ya fundi, tukaikata kwa alama.

Babu: mita 372. Hakusimama. Oksijeni ilianza 95 ikashuka 90. Alipoulizwa uzito wa pumzi baina ya 0 na 10 akasema 3. Alikuwa anahesabu mizunguko kwa tasbihi.

Khalati: mita 188, kasimama mara mbili. Oksijeni 96 mpaka 94 tu. Pumzi kasema 7, miguu kasema 8.

Tukawajazia na dodoso la maswali manane, lile la alama 40, kikohozi, makohozi, usingizi, nguvu na kadhalika. Alama nyingi ndiyo mbaya. Babu 12, khalati 27. Lipo swali la kupanda kilima au ngazi. Ngazi hatuna, tukatumia kilima cha kisima. Swali la kujiamini kutoka nyumbani, khalati kajipa 5, yaani mwisho kabisa.

#24 Mchuma_Karafuu
Hapo sijaelewa. Hatua sitini za kisima zinamshinda, lakini mita 188 kaenda?

#25 MwanaLimbani
Swali la haki. Kisima kiko bondeni, kurudi ni kupanda, na anarudi na ndoo. Baraza ya skuli ni bapa na mikono mitupu. Nilipoandika mwanzo sikuyafafanua hayo.

#26 MpembaLeicester
Sasa tunazo namba za kufanya hesabu. Ipo alama iitwayo BODE, ilitoka 2004. Inaunganisha vitu vinne: uzito kwa kimo, kuziba kwa pumzi, namna mtu anavyokosa pumzi katika maisha yake, na mita za dakika sita. Jumla 0 mpaka 10, kubwa ndiyo mbaya.

Babu. FEV1 41, alama 2. Mita 372 zimevuka 350, alama 0. Kukosa pumzi, kwa maelezo yako anakwenda polepole na anasimama njiani, alama 1. Uzito vipi?

#27 MwanaLimbani
Uzito kwa kimo, babu 22.5, khalati 19.

#28 MpembaLeicester
Basi babu uzito 0, jumla 3. Khalati: FEV1 64, alama 1. Mita 188, alama 2. Anasimama kila akitembea kiasi cha mita mia, alama 2. Uzito uko chini ya 21, alama 1. Jumla 6.

Umeona? Asilimia ilimweka babu nyuma. Ukiongeza miguu, uzito na namna anavyoishi, khalati ndiye mwenye hali mbaya. Jibu la uzi wako hilo.

#29 Muuguzi_Mstaafu
Mpemba, kaka yangu, subiri. Makosa mawili.

La kwanza: BODE ilitengenezwa kukisia uhai, nani yuko katika hatari ya kufariki mapema. Haikutengenezwa kupima ubora wa maisha. Kumwambia mtu "una 6" bila kulieleza hilo ni kumtisha bure.

La pili ni kubwa zaidi. Tazama uwiano wa khalati: 0.74. COPD inataka uwe chini ya 0.70 baada ya dawa. Wake hauko chini. Kwa karatasi hiyo khalati hana COPD! BODE ni ya wenye COPD. Umempimia kanzu kwa futi ya mtu mwengine.

#30 MpembaLeicester
Kweli. Naondoa hesabu ya khalati, ya babu inabaki. Niliomba uwiano mwenyewe halafu sikuutumia.

Lakini nami nina swali. Alipuliza mpaka mwisho? Ukikatiza kupuliza mapema, hewa yote inaonekana kidogo, na uwiano unapanda kwa uongo. Mtu mwenye kikohozi mara nyingi anakatiza. Kwa hivyo 0.74 inaweza kuwa kweli, au inaweza kuwa COPD iliyojificha nyuma ya pumzi iliyokatika.

#31 MwanaLimbani
Nilikuwepo. Alikohoa mara zote tatu. Kwenye karatasi mstari wake umekatika kama kisu, wa babu umelala polepole.

#32 Fizio_Unguja
Basi kipimo kirudiwe. Lakini mimi narudi kwenye oksijeni. Babu kashuka mpaka 90 na kasema pumzi ni 3. Khalati hakushuka na kasema 7. Anayekosa pumzi siyo lazima oksijeni imeshuka, na aliyeshuka siyo lazima anahisi. Babu naye asiachwe kwa kuwa anajiweza. Shuka ile ifuatiliwe.

Kwa khalati, miguu 8, oksijeni nzima, mapafu ya wastani. Mimi ningetafuta moyo na damu. Miguu inavimba jioni? Anaweza kulala chali bila mto wa pili?

#33 MwanaLimbani (siku tatu baadae)
Miguu haivimbi, chali analala. Damu imepimwa: hemoglobini, yaani wingi wa damu, ni 8.1.

#34 UkhtiMicheweni
Ya Rabbi. Anatembea na nusu ya mafuta kwenye tangi.

#35 Mchuma_Karafuu
Nafuta niliyosema mwanzo. Nilimwambia mtu wa damu 8 ajizoeze. Mfikishie samahani yangu.

#36 Muuguzi_Mstaafu
Kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 ni upungufu, chini ya 8 ni mkali. Yuko ukingoni. Na kwa umri wake, hedhi imeshakatika, haitoshi kumpa vidonge vya madini ya chuma na kumwambia ale mchicha. Damu inakwenda wapi? Lazima itafutwe, tumboni na kwengineko. Msiridhike mpaka mtu akujibuni hilo.

#37 ShumbaMjini
Damu 8.1 haielezi kikohozi. Wala haielezi 64. Moshi unaeleza vyote viwili.

#38 Nahodha_Kojani
Na mimi nauliza. Udogoni hakuugua kifua? Mimi miaka yangu ya nyuma mapafu yalisinyaa, namba zangu nahisi zitakuwa kama zake.

#39 MwanaLimbani
Nahodha, umenigusa. Bibi mmoja hapa anasema khalati akiwa mwari alikohoa mwaka mzima na akapelekwa kwa jamaa Unguja kutibiwa. Yeye mwenyewe anakumbuka sindano tu. Picha ya kifua aliyopigwa juzi ina alama juu ya pafu la kulia. Makohozi yamechukuliwa, majibu bado.

#40 MaalimJadida
Inawezekana yote ni kweli kwa pamoja. Kovu la zamani, moshi wa miaka arubaini, damu iliyopungua, miguu iliyonyweya, na msiba. Sioni kwa nini tulazimishe moja.

#41 MpembaLeicester
Maalim, kwa daktari lazima ijulikane kipi ni kikubwa, kwa sababu cha kutibu kwanza kinategemea hapo. Damu inarudishika. Kovu halirudishiki. Mimi naweka damu mbele.

#42 Fizio_Unguja
Mimi naweka damu kwanza halafu miguu, na hapo tutaona asilimia ngapi ya kovu tulikuwa tunailaumu bure. Mazoezi asianze mpaka damu ipande na majibu ya makohozi yatoke. Baada ya hapo, mara mbili au tatu kwa wiki, wiki sita mpaka nane. Mwendo wake uwe wa kuweza kusema sentensi moja na kushindwa kuimba kaswida. Kupanda, atoe pumzi kwa midomo iliyofinywa, kama anapoza chai, ndefu kuliko aliyovuta. Nazi akunie juu ya meza kwa mbuzi ya mkono, si kuinama. Ndoo abebewe.

Na msije mkakata tamaa mkirudia kipimo cha kupuliza mkakuta 64 ile ile. Mazoezi hayapandishi FEV1, au yanapandisha kidogo sana. Yanapandisha mita. Akiongeza mita 30 hivi kwenye ile dakika sita, mwenyewe ataijua tofauti njia ya kisima.

Babu naye aingie. Anatembea kila siku ya soko ni kweli, lakini mapaja yake yaimarishwe kabla hayajanywea, na tumuone oksijeni.

#43 MwanaLimbani
Babu kasema hahitaji mazoezi, ana soko. Nimemwambia ni amri ya jamvi. Kasema atafikiria.

ShumbaMjini, jiko limehamishwa nje kabisa, tumemwekea bati juu kwa ajili ya masika. Umeniandama mpaka nimefanya.

#44 ShumbaMjini
Alhamdulillahi. Nilikuwa nataka hilo tu.

#45 UkhtiMicheweni
Khalati mwenyewe anasemaje juu ya namba zote hizi?

#46 MwanaLimbani
Nilimsomea uzi wote jana baada ya Isha. Hakuuliza asilimia wala mita. Kauliza kama Mfungo Mosi ataweza kukaa harusini kwa mjukuu wake mpaka bibi harusi atolewe. Yaani muda wa masaa manne, ndani ya ukumbi uliojaa, udi unafukizwa.

#47 UkhtiMicheweni
Mwambie akae karibu na mlango, kiti kiwe na meza mbele aegemee viwiko. Chetezo kisipite upande wake, nitazungumza na wenye harusi mwenyewe, najuana nao. Akikohoa tutaimba kwa sauti.

#48 Muuguzi_Mstaafu
Na kabla ya harusi tukumbushane. Makohozi yenye damu, midomo kuwa buluu, maumivu ya kifua, au kushindwa kusema sentensi nzima akiwa amekaa: hapo ni hospitali usiku huo huo, msije kuandika hapa kwanza.

#49 Nahodha_Kojani
MwanaLimbani, kamba nirudishie na gari ya Jumamosi, nina dema za kushusha. Ile alama ya mita 30 msiifute. Nami nimeshapata tarehe ya kupuliza.